Namba za wateja hazionekani? Usiguse kitu kwanza, soma hapa

Leo naongelea tatizo ambalo linaingia dukani kwangu karibu kila wiki, na kuanzia mwezi wa sita ndo linazidi, maana mazao yanatoka, hela inaonekana kidogo na watu wanabadilisha simu. Mtu anaingia kashika simu kama kabeba yai. Anasema namba zake zote za wateja zimefutika.

Mara nyingi hazijafutika. Ziko sehemu nyingine, yeye anaangalia sehemu moja tu.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nina duka la vifaa vya simu hapa Izia, Sumbawanga mjini. Nauza kava, chaji na spika ndogo, na mzigo mwingine unaenda kwa basi mpaka Mpanda na Tunduma kwa wateja wa mtandaoni. Shule niliishia form four. Haya ya simu na kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kubofya na kusoma, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyomweleza mtu kaunta. Simu za wengi wetu ziko kwa Kiingereza, basi maneno ya kwenye kioo nitayataja kama yanavyoonekana ili usipotee njia.

Kwanza tuelewane kwa nini hili jambo ni kubwa. Mwenye duka la barabarani akipoteza simu, kesho anafungua na wateja wanapita palepale. Sisi wa mtandaoni duka letu ni yale majina. Huku Ufipa ndo zaidi. Migebuka na dagaa vinatoka ziwani, Kasanga na Kirando. Mchele unapanda kutoka bonde la Rukwa. Maharage na ulezi ni vya huku juu. Mnunuzi yuko Mbeya, Dodoma au Dar, sura yake huijui, unamjua kama "Mama Dagaa Mbagala" au "Kaka Mchele Uyole". Jina hilo likiondoka humpati tena kwa kuuliza jirani.

Halafu kuna Status. Wengi hamjui kwamba Status ya WhatsApp kwa kawaida inamfikia mtu kama wewe umehifadhi namba yake na yeye kahifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, haioni. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa pamoja, ule wa watu mpaka 256, nao unampata yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo ukiona Status iliyokuwa inaangaliwa na watu mia mbili imeshuka ghafla mpaka kumi, usikimbilie kusema biashara imekuwa ngumu au umerogwa. (Najua wa Dar mnacheka, mkisikia Sumbawanga tu mnawaza mambo hayo. Kwa taarifa yenu jina hilo kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi.) Fungua kitabu cha simu kwanza, uhesabu majina.

Kuna mama mmoja anauza migebuka na dagaa, mwaka jana mwezi wa saba alinunua simu mpya. Fundi aliyemwashia, siyo wa hapa kwetu, alimfungulia imeili mpya kabisa kwa sababu mama hakukumbuka ya zamani. Ni kawaida sana hiyo, mafundi wengi wanafanya hivyo ili mteja aondoke haraka. Simu ikawaka, WhatsApp ikarudi, picha zikarudi. Majina hakuna.

Alikaa nayo wiki mbili hivyohivyo. Wateja wakipiga anauliza, "Nani mwenzangu?" Mmoja akamjibu, "Yaani mama umenifuta?" akakata. Mbaya zaidi, akapigiwa na mtu anayesema ni mteja wa siku nyingi, anataka gunia mbili ziletwe Mbeya na hela atatuma mzigo ukifika. Jina haliji kwenye kioo, sauti hana uhakika nayo, na matapeli wa kujifanya mteja wa zamani tunawajua. Akakataa. Kumbe alikuwa mteja wake kweli, wa miaka mitatu, na siku zote walikuwa wanalipana hivyohivyo. Yule mteja akahamia kwa muuzaji mwingine.

Ndo mama akaja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, namba zangu zimeliwa."

"Simu ya zamani iko wapi?"

"Nilimpa mdogo wako, yuko nayo Namanyere."

Hapo nikapumua. Tukampigia kijana. Nikamwambia aingie Settings, atafute neno Accounts, anisomee imeili aliyoikuta pale. Aliikuta, ya mama, tangu simu ilipokuwa mpya, wala hakuna aliyeitoa. Paswedi hakuna aliyeikumbuka, ila laini ya mama ilikuwa imeandikwa kwenye akaunti ile kama namba ya kurudishia, na laini anayo mkononi. Code ikaingia, tukaweka paswedi mpya, tukaongeza ile akaunti ya zamani kwenye simu mpya, tukahakikisha sehemu ya kontakti imewashwa. Baada ya dakika chache majina yakaanza kushuka. 412. Mama akawa anayasoma kwa sauti kama anaita mahudhurio darasani.

Sasa nieleze ilivyo, maana ukielewa hapa nusu ya kazi imeisha. Kitabu cha simu unachokiona siyo ghala lenyewe. Mtu wa Rukwa nikimwambia vihenge atanielewa haraka. Una vihenge vitatu vinne vya mahindi uani, lakini mlango umefungua mmoja. Ukikuta mtupu haina maana mahindi hayapo.

Kihenge cha kwanza ni laini. Laini nyingi zinabeba kama majina 250 tu, majina marefu inayakata, imeili haiweki. Na sikiliza hapa vizuri: laini ikipotea ukaenda ku-renew, namba yako inarudi, lakini majina yaliyokuwa kwenye kile kikadi hayarudi. Kadi mpya inakuja tupu. Watu wanagombana na wahudumu bure kwa hili. Na ku-renew kwenyewe kunategemea laini imesajiliwa kwa jina la nani. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini ya biashara imesajiliwa kwa jina la shemeji aliyehamia Kahama, shughulikia hilo wiki hii, usisubiri ipotee.

Cha pili ni simu yenyewe. Majina yaliyohifadhiwa "Phone" au "Device" yanakaa kwenye kile kifaa tu. Simu ikiibiwa au ikifanyiwa reset, yameondoka nayo.

Cha tatu ni akaunti ya Google, yaani ile Gmail. Haya yanakaa mtandaoni na yanakufuata kwenye simu yoyote utakayoingiza akaunti ileile. Wenye iPhone kwao ni iCloud. Wengine wana akaunti mbili tatu bila kujua, kila fundi kawafungulia yake, na kila moja ina majina ya kipindi chake.

Kwa hiyo kabla ya kufanya chochote, fungua programu ya Contacts, gusa ile picha au herufi ya akaunti kule juu, uone akaunti zilizopo na uzipitie moja moja. Kwenye baadhi ya simu kuna sehemu ya kuchagua kontakti zipi zionekane, na unakuta imechaguliwa laini peke yake. Nimeshamrudishia mtu majina mia tatu kwa kugusa mara moja tu hapo, nikaona hata aibu kumwomba hela. (Nilichukua buku, ya maji.) Kwenye iPhone gusa Lists kule juu kushoto, orodha zilizofichwa unazikuta hapo.

Kama kweli yalifutwa, na yalikuwa kwenye Google, una siku 30. Ndo maana nasema usikae wiki mbili kama yule mama. Ingia contacts.google.com, hata kwa simu, tafuta Trash. Jina lililofutwa linakaa humo siku 30, unalichagua unalirudisha. Baada ya hapo limekwenda.

Kuna kingine chenye nguvu zaidi lakini kina meno. Kwenye settings za ukurasa huohuo kuna Undo changes. Hiki kinarudisha kitabu chote kama kilivyokuwa saa moja iliyopita, jana, wiki iliyopita au siku utakayochagua ndani ya hizo 30. Kinafaa kama mtoto kachezea simu akafuta nusu, au umejaribu kuunganisha majina yanayofanana yakavurugika. Meno yake ni haya: ukirudi nyuma siku kumi, wateja wapya uliowahifadhi ndani ya siku hizo kumi wanaondoka. Kwa hiyo kabla ya kukigusa, chukua nakala ya majina yaliyopo sasa. Njia yake iko mbele. iPhone nao wana lao, ukiingia iCloud.com kuna Data Recovery, inarudisha kontakti za ndani ya siku 30 vilevile.

Usipakue programu za "rudisha namba zilizofutika" ulizoziona kwenye tangazo. Ukiiruhusu isome kontakti na meseji zako umeshampa mtu usiyemjua wateja wako wote. Na usikubali fundi afanye reset "ili simu ijipange". Reset inamaliza kile kihenge cha pili moja kwa moja.

Imeili ya zamani ikiwa huikumbuki, usifungue nyingine. Tafuta kwenye simu ya zamani, kwenye tablet ya mtoto, kwenye YouTube ya TV ya nyumbani, popote ulipowahi kuingia. Google wana ukurasa wa kurudisha akaunti na ukurasa wa kutafuta imeili kwa namba ya simu na jina. Wenyewe wanashauri ufanye hivyo ukiwa na kifaa ulichozoea kutumia, mahali ulipozoea kukitumia. Kwa hiyo usiende kufanyia kwenye kompyuta ya stationery mjini, fanyia nyumbani na simu yako. Na usiiache miaka. Tangu Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti zisizotumika kwa miaka miwili. Ile ya zamani ingia mara moja moja ibaki hai.

Sasa wale wa imeili. Najua wengi humu ni WhatsApp tu, lakini anayeuza kwa hoteli, shule au supamaketi anajua oda zao zinakuja kwa imeili, na wanataka profoma na invoisi kwa imeili. Kuna kaka mmoja wa asali alikuwa na folda ya wateja kwenye Outlook ya laptop, ameipanga vizuri kwa miji. Akabadilisha laptop. Imeili zote zikaja, za miaka mitatu, hata moja haikupungua. Folda ya wateja haipo. Akawa anaandika herufi ya kwanza ya jina, hakuna kinachotokea.

Hii inawachanganya wengi, kwa sababu mtu anajiambia kama imeili zimekuja basi na majina yangekuja. Siyo lazima. Imeili nyingi za kampuni ndogo zinaunganishwa kwa njia inayoitwa IMAP, na njia hiyo inabeba barua tu. Majina yanabaki kwenye laptop ileile, ndani ya folda ambayo Outlook imeiandika pembeni "This computer only". Imeshajieleza, ila nani anasoma maandishi madogo? Kwa hiyo laptop mpya haikupoteza kitu, majina hayakuwahi kutoka kwenye ile ya zamani.

Dawa yake (naongelea ile Outlook ya zamani inayoinstalliwa kwenye kompyuta) ni kurudi kwenye laptop ya zamani au diski yake. Bonyeza Ctrl na 6 kwa pamoja, folda zote zinajipanga kushoto, hata zile ambazo huzioni ukiwa kwenye barua. Ipitie orodha yote mpaka chini. Angalia pia ndani ya Deleted Items, maana folda nzima ikifutwa inaingia mle na kujificha nyuma ya kamshale kadogo. Watu hawatazami humo kwa sababu wanajua mle kuna barua tu.

Kama laptop ya zamani haiwaki lakini diski ni nzima, tafuta faili linaloishia na .pst. Mara nyingi liko Documents, ndani ya folda ya Outlook Files. Linakili uliweke kwenye laptop mpya, kisha kwenye Outlook nenda File, Open & Export, Open Outlook Data File. Litafunguka pembeni kama sanduku jingine, na Contacts zako zimo. Ukikutana na linaloishia .ost, hilo halifunguki hivyo, usipoteze bando kutafuta programu za kulivunja kabla hujatafuta .pst vizuri. Yule kaka tulilipata kwenye diski ya zamani niliyoiunganisha kwa kebo ya USB.

Kisha likaja la mwisho. Folda anaiona, majina anayaona, ila akitaka kuandika barua akabofya To, hayamo. Hapo ni tiki tu. Bofya kulia kwenye folda, Properties, nenda Outlook Address Book, weka tiki kwenye Show this folder as an e-mail Address Book. Basi.

Wenye Gmail tu, kuna chumba ambacho hamkiingii. Kwenye contacts.google.com kuna Other contacts. Watu uliowahi kuwaandikia imeili bila kuwahifadhi wanakusanywa humo, na kwa kawaida hawaonekani kwenye kitabu cha simu. Anayetumia Thunderbird aangalie Collected Addresses, kazi yake ni hiyohiyo. Kuna muuzaji wa mashuka alikuta humo anwani za shule mbili alizokuwa anadhani amezipoteza kabisa.

Na kama umepita kote ukakuta kweli hakuna? Basi unaokota moja moja. Inachosha, lakini wateja wanaolipa wanaacha alama. Meseji za M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas (wengi bado tunaiita Tigo Pesa) za waliokutumia hela moja kwa moja zinabeba jina na namba. Anza na hizo, maana huyo siyo mtu wa kuuliza bei tu. WhatsApp chati zako zipo hata kama jina limeondoka, namba inaonekana na ukipandisha mazungumzo utajua ni nani. Halafu risiti za mizigo ya basi. Mimi situpi risiti ya kifurushi hata moja, zina jina la mpokeaji, namba na mji, nazichoma kwenye msumari nyuma ya kaunta. Ukimpata mtu, usianze na bei. Mwandikie wewe ni nani, unauza nini, alichukua nini mara ya mwisho, na umwombe ahifadhi namba yako upya.

Ukiwa unahifadhi, anza na +255. Na sisi wa huku mpakani wateja wa Zambia ni +260, wa Kongo ni +243. Ukiandika namba ya mtu wa Mbala kwa kuanza na sifuri, WhatsApp itaitafuta kama ya Tanzania na haitamwona. Ukibonyeza kuhifadhi, simu inakuonyesha inaweka wapi, chagua ile Gmail yako, moja tu, ya biashara. Paswedi yake iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, na namba ya kurudishia akaunti iwe ya laini iliyo kwa jina lako.

Nakala unaichukua hapohapo contacts.google.com, kuna Export, chagua Google CSV. Inashuka faili moja dogo lenye kila mtu. Mimi nachukua kila Jumapili jioni nikishafunga, najitumia kwa imeili nyingine. Ukilifungua kwenye Excel usishtuke namba zikionekana kama hesabu za sayansi, 2.56E+11, au sifuri ya mbele imeliwa. Ni Excel inazichukulia kama tarakimu za kujumlisha. Lifunge bila kusave, faili lenyewe liko sawa. Ukisave ndo umeziharibu.

Na kama huna kompyuta ukafanyia stationery, kumbuka faili hilo ni majina na namba za watu mia kadhaa waliokuamini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mteja zimo. Ukimaliza lifute kwenye Downloads, lifute tena kwenye Recycle Bin, kisha utoke kwenye akaunti yako. Kufunga dirisha tu hakutoshi, anayekaa kwenye kiti hicho baada yako akifungua Gmail anaikuta yako.